Kabla ya Chai, Umemeza Nini?

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la dirisha la dawa, namba yako mkononi imelowa jasho, nakuomba ukiitwa usiondoke haraka. Mimi niliondoka haraka. Niliitwa, nikapewa bahasha, nikaambiwa kimoja kimoja jioni, nikashukuru, nikatoka mbio kwa sababu nilikuwa na sare za harusi za watu wanane zinanisubiri kwenye cherehani. Haraka ile nusura inizike, na sare zenyewe alikuja kuzimalizia fundi mwingine.

Naitwa Siwema. Nina miaka hamsini na miwili, nashona Gongo la Mboto, nina mume mpole na binti mkali. Mimi mwenyewe si mpole, kwa hiyo binti ukali wake hakuuokota. Nayasema haya sasa, wakati mwili umetulia na naweza kucheka, maana nilipokuwa ndani yake nilitafuta mtu wa kunisimulia yaliyompata, nikakosa.

Kiangazi kilichopita nilifanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi. Ulikwenda salama. Wiki ya tatu mguu wa kushoto ukavimba, nikaisingizia cherehani. Niliukanda kwa maji ya moto, nikaupaka mafuta ya nazi, nikaendelea kukanyaga. Masika yalipoanza, siku moja naanua nguo kuikimbia mvua, pumzi ikakataa kuingia. Hospitalini wakasema damu imeganda mguuni na kipande kimesafiri hadi kwenye pafu. Nililazwa siku tisa, nikatoka na vidonge viitwavyo wafarini, vya kuizuia damu isigande tena, na kadi ya kijani ya kuandikia namba.

Hiyo namba ndiyo ikawa maisha yangu. Kila wiki natolewa damu, namba inaandikwa. Ikiwa kati ya mbili na tatu, nenda kwa amani. Ikishuka, damu inaganda. Ikipanda, damu inakimbia. Elimu yangu inaishia hapo, na imenitosha.

Masika yote niliyahesabu kwa kadi ile. Tulikuwa watu kama kumi wa kliniki hiyo, tukikaa benchi moja, na badala ya kuulizana habari za asubuhi tunaulizana, "Leo una ngapi?" Ukipata mbili na nusu unapongezwa kama umefaulu mtihani. Nilivaa soksi nzito za kubana, joto la Dar es Salaam na mimi nimevaa soksi hadi pajani. Baba Shani, mume wangu, ndiye alikuwa ananivalisha kila alfajiri kabla hajaenda kwenye kazi yake ya kutengeneza majokofu. Alizivuta kimya, ameuma ulimi kama mtoto anayejifunza kuandika. Katika ndoa yetu ya miaka ishirini na nane sikumbuki kama nimewahi kupendwa waziwazi kuliko hivyo.

Mwisho wa masika, dirisha likasema wafarini imeisha, nikanunue nje. Nikanunua duka la dawa la karibu na nyumbani, boksi zima. Namba ilikuwa imetulia, hawaniiti tena kila wiki; wiki mbili baadaye nikarudi kliniki, boksi bado halijafika nusu. Siku hiyo nilimlalamikia daktari kwamba mguu unaniuma sana jioni. Akaandika, akanipangia kurudi baada ya mwezi, nikapeleka karatasi dirishani, nikapewa bahasha. Vidonge vya ndani, kwenye karatasi za bati zenye maandishi madogo ambayo sikuhangaika kuyasoma, vilikuwa vya aina nisiyowahi kuiona: vidogo, vyeupe, wakati vyangu vya boksi vilikuwa vikubwa vya pinki. Juu ya bahasha palikuwa na jina langu na moja mara moja, basi. Jina la dawa halikuandikwa. Na mimi sikuuliza. Nilijijibu mwenyewe njiani: wafarini ninayo, mguu nimeulalamikia, basi hiki ndicho kidonge cha mguu.

Tangu siku hiyo kila jioni nikameza cha boksi na cha mguu.

Tena nina tabia moja mbaya, na naamini si yangu peke yangu. Sipendi maboksi. Mimi ni mtu wa mkasi. Kila dawa inayoingia nyumbani naitoa kwenye boksi, nakata karatasi zake za bati kidonge kimoja kimoja, naviweka vyote kwenye kopo la maziwa ya unga lililokaa juu ya kabati. Humo mlikuwa na vya presha vya Baba Shani, vya maumivu vya dukani, vya mafua, na vyangu. Navijua kwa rangi na ukubwa, kama ninavyovijua vifungo. Nilijiona mwanamke nadhifu.

Kipupwe kikaingia, na mimi nikaanza kubadilika rangi. Mwanzo alama moja ya bluu kwenye paja, nikadhani nimejigonga kwenye meza ya kukatia. Kisha mikononi, kisha ubavuni, nyingine kubwa kama kiganja. Nikipiga mswaki natema pinki. Shani, binti yetu, angeona, yule haachi kitu kimpite, lakini anafanya kazi hotelini Mbezi Beach na zamu zilikuwa zinamlaza hukohuko. Baba Shani aliona, akasema twende hospitali. Nikamjibu kliniki yangu bado siku sita, nitakwenda siku yangu ikifika. Foleni ile ilikuwa imenichosha, huo ndio ukweli.

Siku ya pili yake nikaenda Tandale kwa dada yangu.

Dada yangu Tatu ni mkubwa kwangu kwa miaka saba. Alinilea baada ya mama kufariki, na kazi yake ni kuumika watu, siku hizi wanaita hijama. Zamani alitumia pembe, sasa ana vikombe vya plastiki na wembe mpya kwa kila mtu. Wabeba mizigo wa sokoni wanamwamini mno, na mimi pia nilimwamini. Alinivua kanga mabegani, akazitazama zile alama, akasikitika.

"Mdogo wangu, hii damu chafu. Imekaa inatafuta pa kutokea, sie tuifungulie tu mlango."

Nilimwambia natumia dawa za hospitali. Akasema na ziendelee, hii haina ugomvi na dawa. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alinisomea dua, akanibandika vikombe sita mgongoni, akachanja.

Kwa kawaida damu hutoka kidogo, inakuwa nzito, inasimama. Yangu ilitoka nyepesi na haikusimama. Da Tatu akabadilisha vikombe, akakandamiza kwa kitambaa, akaleta unga wa kahawa akanimwagia mgongoni kama tulivyofundishwa na bibi. Kahawa ikaelea. Nikasikia kanga kiunoni inakuwa nzito. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona dada yangu anaacha kazi katikati na kukimbilia barabarani kuita bajaji.

Kwenye bajaji kuelekea hospitali alikuwa ananikandamiza mgongo kwa mikono yote miwili, ananiambia sikioni nisimtaje. Ataambiwa ameua, atafungwa. Nami nikamwahidi. Ndiyo maana nesi wa mapokezi aliponiuliza nimefanywa nini, nilisema nimejikwaruza kwenye mlango wa bati. Nesi akaninyanyua nguo, akaangalia miduara sita iliyopangwa safu mbili, kila mmoja na chanjo zake.

"Mlango wenu unapima na rula?" akasema.

Nikaivuta nguo chini. Akauliza kama natumia dawa nyingine yoyote mbali na wafarini. Nikasema hapana.

Hapo ndipo nataka ukae na mimi kidogo. Hiyo hapana yangu haikuwa uongo wa makusudi. Vile vya maumivu vya dukani nilivyokuwa nameza mara moja moja niliacha kuvitaja kwa kuogopa kugombezwa, hilo nakiri. Lakini kidonge cha mguu sikukitaja kwa sababu nilidhani wanakijua. Si wao walionipa? Kwenye akili yangu dawa nyingine ilimaanisha dawa ya kwingine.

Namba yangu siku hiyo ilikuwa tisa. Wakasimamisha wafarini, wakanidunga sindano ya kuirudisha damu mahali pake, wakaniongezea chupa mbili za damu. Ndugu wakaombwa waje kuchangia, na wa kwanza kufika alikuwa Da Tatu. Alikaa kwenye kile kiti ametandaza mkono, analia, na wale wa benki ya damu wakadhani anaogopa sindano. Siku ya tatu nikawa nakaa kitandani, nakunywa uji, nawaambia wenzangu wa wodini waangalie mishono ya mito yao ilivyo mibovu. Shani alichukua ruhusa kazini akawa ananiletea kikapu asubuhi na jioni. Ndani ya kikapu, pamoja na chupa ya chai, nilimwomba anitilie kopo langu. Mguu ulikuwa unauma. Wafarini wamenisimamishia, sawa, sikuigusa. Cha mguu nikaendelea nacho kila jioni baada ya uji, na siku mbili ambazo maumivu yalizidi nikameza viwili.

Siku ya sita mkojo ukawa mwekundu. Namba ikawa imepanda tena.

Madaktari wakasimama watatu miguuni pa kitanda changu. Walizungumza habari za ini, za kunipeleka hospitali kubwa zaidi, na mmoja akasema kitu kwa sauti ya chini ambacho kilimfanya Baba Shani atoke nje. Nilimwona dirishani ameegemea ukuta, kofia mkononi. Mume wangu hajawahi kuvua kofia hadharani ila msibani. Nikaelewa kwamba nakufa, na nikaogopa hasa. Kifo sikukifikiria sana. Nilichoogopa ni Shani na Da Tatu kubaki na chuki. Shani alikuwa ameshaujua ukweli wa mgongo wangu, naye hakumpa tena mama yake mkubwa hata salamu. Da Tatu akija na ndizi, Shani anatoka nje, na zile ndizi zinabaki zinaiva kwenye kabati la kitanda.

Mchana wa siku ileile akaja mfamasia. Nilikuwa sijui kwamba wafamasia huingia wodini. Mimi nilidhani wanaishi nyuma ya dirisha. Jina lake Sakina, msichana wa Kihindi wa mjini kabisa, amefunga hijabu ya kijivu, Kiswahili chake kinanishinda mimi. Akanipa shikamoo, akavuta kiti, akakaa. Hakuna aliyewahi kukaa. Nikajiandaa kwa swali la dawa nyingine, na hapana yangu ilikuwa tayari mdomoni.

"Mama," akasema, "asubuhi ukiamka, kabla ya chai, unameza nini?"

Swali hilo lilinikuta wazi. Nilisema simezi kitu asubuhi, mimi dawa zangu za jioni. Akauliza jioni naanza na kipi. Nikasema wafarini wameisimamisha, kwa hiyo siku hizi naanza na cha mguu.

"Cha mguu kipi, mama?"

Nikainama, nikatoa kopo kwenye kikapu, nikampa.

Alitandaza kanga yangu kitandani, akalimwaga kopo zima juu yake. Kisha akafanya jambo ambalo mimi nalifanya kila siku kwa nguo: akavichukua vile vipande vya bati nilivyovikata na mkasi wangu, akavilinganisha kingo kwa kingo hadi maandishi yakakutana, kama mtu anayeunganisha kitenge ili maua yasikatike. Aliunganisha vya pinki, akasoma. Akaunganisha vyeupe, akasoma. Akarudia vyeupe mara ya pili. Nilimwona anafumba macho.

"Hizi ni dawa moja," akasema taratibu. "Viwanda viwili, rangi mbili, ila dawa ileile. Hiki unachokiita cha mguu ni wafarini."

Akaniuliza nimeanza lini kumeza zote mbili, nikamwambia tangu mwisho wa masika. Akaokota na vile vya maumivu vya dukani, akasema hivi navyo vimekuwa vikiisukuma damu ikimbie zaidi. Kisha akaomba kuiona bahasha. Bahati, ile niliitunza kwenye pochi, nilikuwa nimeiandikia vipimo vya mteja kwa nyuma. Akaigeuza. Kiuno thelathini na sita, urefu arobaini na mbili. Akaigeuza tena, akaona jina langu na moja mara moja. 

Nilisubiri anigombeze. Nilikuwa nimeshapanga na maneno ya kujibu, maana mimi siachi.

"Hii imetoka dirishani kwetu, wafarini iliporudi," akasema. "Ilitakiwa iandikwe jina la dawa, na ulitakiwa uelezwe kwamba ni ileile uliyonayo. Hukuelezwa. Samahani sana, mama."

Nina miaka hamsini na miwili na nimeingia hospitali nyingi. Nimeambiwa subiri, nimeambiwa sogea, nimeambiwa nyie wamama mnachelewaga. Samahani ilikuwa mara ya kwanza. Nililia pale pale, na maneno yangu yote niliyoyapanga yakapotea.

Da Tatu alikuwa amesimama mlangoni na ndizi zake, amesikia kila kitu. Akaingia, akaziweka chini, akamwambia Sakina bila kuulizwa, "Na mie ndiye niliyemchanja. Mlango wa bati hauna kosa."

Shani alikuwepo. Akainua uso akamtazama mama yake mkubwa, halafu akaitazama tena sakafu. Sakina hakumwitia polisi mtu yeyote. Alimwuliza Da Tatu anaumika watu wangapi kwa siku, wa namna gani, na huwa anawauliza nini kabla. Da Tatu akasema huwa anawauliza wanaumwa wapi. Sakina akamwambia aongeze swali moja, lile alilonianzia mimi, na akamweleza kwa nini. Wakazungumza karibu saa nzima, dada yangu asiyejua kusoma na yule msichana wa chuo, wameinamiana juu ya kanga yangu yenye vidonge.

Baada ya hapo mambo yakawa ya kawaida, na ukawaida ni neema ambayo huijui hadi uikose. Kopo likachukuliwa. Namba ikashuka, tano, nne, mbili na nusu. Siku ya kumi na tatu nikatoka. Baba Shani akavaa kofia yake.

Wafarini nikaanza tena, ya aina moja, kipimo kimoja, na kliniki zikaendelea hadi vuli. Uponyaji haukuja kwa shangwe. Nywele zilikatika, nikafunga kilemba. Kukanyaga cherehani nilianza kwa robo saa, halafu nusu saa. Mvua za kwanza za vuli nilianua nguo mwenyewe, nikarudi ndani na pumzi zangu zote, nikakaa kitandani nikimshukuru Mungu kwa sauti hadi jirani akagonga kuuliza kulikoni.

Pale kliniki nimepata jina, wananiita Mama Maswali. Nikifika dirishani sitoki hadi nimejibiwa matatu: hii inaitwaje, ni ya nini, na nyumbani ninayo nyingine kama hii? Foleni nyuma yangu inaguna. Iache igune. Kuuliza si ujinga, na aliyekuwa mjinga nilikuwa mimi niliyejijibu mwenyewe. Nimeona pia kwamba dirisha lenyewe limebadilika. Bahasha zinaandikwa jina la dawa, na kabla hujapewa unaambiwa urudie kwa mdomo wako utakavyotumia. Wengine wanaona usumbufu. Mimi huwa narudia kwa sauti ya juu ili na waliokaa nyuma wasikie.

Mkasi nimeuachia nguo. Nimeshona mfuko wa kitenge wenye vyumba, kila chumba kina uso wa nailoni unaoonyesha, boksi linaingia zima na jina lake likisomeka. Wenzangu wa benchi waliuona wakautaka, nikawashonea. Wa kumi na moja Shani aliukunja akauweka kwenye mkoba wake bila kusema ni wa nani. Baadaye nilikuja kujua kwamba alitelemkia Tandale akitoka zamu, akamkabidhi mama yake mkubwa, akamwambia weka dawa zako za presha humu, nijue unameza nini. Da Tatu hata sikujua kama ana presha. Alikuwa anazificha chini ya godoro, kwa sababu mwumikaji anaona haya kumeza vya hospitali. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika ukoo wetu tulikuwa tunakiita wawili.

Siku nilipofunga kadi ya kijani, mwisho wa vuli, nilikwenda kwake moja kwa moja kumwonyesha. Namba ya mwisho, mbili nukta tatu, na mstari chini yake. Nilimkuta ana mteja, mbeba viroba wa sokoni, mtu mzima mwenye mgongo mpana kama meza yangu ya kukatia, ameshavua shati na kuketi kwenye kigoda. Vikombe vilikuwa tayari kwenye sinia, wembe haujafunguliwa. Nikakaa pembeni.

"Asubuhi ukiamka," dada yangu akamwuliza, "kabla ya chai, unameza nini?"

Yule baba akacheka, akasema yeye ni mzima, anaumwa mgongo tu, fungua kazi, mama. Da Tatu hakucheka. Akarudia swali kama lilivyo, neno kwa neno. Yule baba akakuna shingo. Akasema labda vile vya moyo alivyopewa mwezi uliopita kwenye zahanati ya mtaani kwao, lakini vile si dawa za kutaja, ni vya hospitali. Akapapasa mfuko wa suruali, akatoa bahasha iliyojikunja kwa jasho. Da Tatu hajui kusoma, akanipa mimi. Nikaitazama mbele na nyuma. Jina la mtu, na moja mara moja.

Nikatikisa kichwa. Da Tatu akachukua sinia la vikombe akalifunika kwa kitambaa, akaliweka juu ya kabati. Kisha akaokota lile shati, akalikung'uta, akamvalisha yule baba mwenyewe, mkono mmoja, halafu wa pili.

"Vaa, baba," akamwambia. "Mie leo sikuchanji. Nenda kwanza dirishani kwao ukawaulize hiki kinaitwaje, na usiondoke mpaka wakwambie."